Waokoaji wa Septemba 11 wasigeuzwe ombaomba



Kila Septemba inapofika, wanasiasa wa vyama vyote viwili vya Marekani hukusanyika New York, huinamisha vichwa majina yakisomwa, kisha huahidi kwamba taifa halitasahau kamwe. Mwandishi wa barua hii ni mhudumu wa gari la wagonjwa, muumini wa siasa za kiliberali na mpiga kura wa chama cha Democratic. Hana ugomvi na kumbukumbu hizo. Malalamiko yake yanahusu walio hai: waokoaji walioambulia maradhi kwa kazi ile, ambao kwa zaidi ya miaka 20 wamelazimika kwenda Washington, wengine wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu, kuomba matibabu.

Siku ile ya Septemba 11, 2001 waliuawa watu 2,977 katika mashambulio ya al-Qaeda nchini Marekani. Kati yao, 343 walikuwa wa kikosi cha zimamoto cha jiji la New York. Waliofika Manhattan baada ya minara pacha kuanguka husimulia sauti moja. Kila mzimamoto huvaa kifaa kidogo kinachopiga kelele kali asipojongea kwa nusu dakika hivi, ili wenzake wajue ameanguka na wamfuate. Asubuhi ile vifaa hivyo vililia kwa pamoja chini ya kifusi, huku na kule, ndani ya vumbi zito lililomfanya mtu asione hatua chache mbele yake. Wenzao wakawa wanachimba kufuata mlio, kwa mikono na kwa ndoo walizopokezana mstari mzima, mpaka betri zikaisha.

Vumbi lile ndilo linaloua hadi leo. Ndani yake mlikuwa na saruji iliyosagika, vioo, madini ya risasi na asbesto, na moto chini ya kifusi uliendelea kuwaka hadi Desemba. Septemba 18, wiki moja tu baada ya shambulio, Christine Todd Whitman, mkuu wa shirika la serikali kuu linalosimamia mazingira, aliwatangazia wakazi kwamba hewa ni salama. Mwaka 2003 mkaguzi wa shirika hilohilo alieleza kwamba wakati tamko linatolewa hapakuwa na vipimo vya kutosha kulithibitisha, na kwamba White House ilitia mkono katika kuhariri taarifa zilizokwenda kwa umma. Whitman aliomba radhi mwaka 2016. Miaka 15 ilikuwa imepita, na wengi waliomwamini walikuwa wameshazikwa.

Waliovuta vumbi hilo hawakuwa wazimamoto peke yao. Walikuwamo mafundi chuma, madereva wa malori, polisi waliochambua kifusi jalalani Staten Island wakitafuta mabaki ya watu, na wahamiaji wa kutoka Amerika ya Kusini, baadhi yao hawana karatasi, waliolipwa kwa kutwa kufuta vumbi kwenye ofisi na nyumba za Manhattan. Hao wa mwisho hawatajwi sana kwenye hotuba.

Kisa cha John Feal kinafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo. Alikuwa msimamizi wa kazi za kubomoa majengo. Septemba 17, siku ya sita, chuma chenye uzito wa zaidi ya tani tatu kilimponda mguu na nusu ya wayo ikapotea. Alipoomba fidia alikataliwa, kwa sababu kanuni ya mfuko wa wakati huo ilitaka mtu awe ameumia ndani ya saa 96 tangu shambulio. Siku mbili zikamnyima haki yake. Feal hakukaa nyumbani. Alianza kuwakusanya wagonjwa wenzake, akawapeleka Bungeni safari baada ya safari, mlango kwa mlango, wakibeba barakoa za oksijeni na mifuko ya dawa katika korido za watu waliovaa suti.

Sheria ya matibabu na fidia waliyokuwa wakiipigania ilipewa jina la James Zadroga, askari mpelelezi wa New York aliyefariki Januari 2006. Mwandishi ni mtu wa mrengo wa kushoto, lakini ukweli haufichwi: Julai 2010 chama chake kilikuwa na wingi katika Baraza la Wawakilishi, na muswada ukaanguka. Viongozi wa Democratic waliupeleka kwa utaratibu unaodai theluthi mbili ya kura ili kuepuka marekebisho ya wapinzani kuhusu wahamiaji, marekebisho ambayo wangeona aibu kuyapigia kura hadharani. Kura zikawa 255 za ndiyo na 159 za hapana; kwa utaratibu wa kawaida ungepita bila shida. Warepublican wengi waliukataa, japo mmoja wa waliousimamia kwa nguvu tangu mwanzo, Peter King wa New York, alikuwa mwenzao. Uliporudishwa na kupita Barazani, Desemba mwaka huohuo maseneta wa Republican wakauzuia, wakisema hawatapitisha lolote mpaka suala la kodi limalizwe. Wagonjwa wanne wakakaa mbele ya kamera kwenye kipindi cha mchekeshaji Jon Stewart, wakaeleza maradhi yao, na siku chache baadaye Seneti ikapitisha. Rais Obama alitia saini Januari 2, 2011. Hata hivyo, saratani haikuwemo kwenye orodha ya maradhi yanayotibiwa. Iliongezwa mwaka 2012.

Mtu angedhani danadana ziliishia hapo. Februari 2019 mfuko wa fidia ulitangaza kwamba pesa hazitoshi, na malipo yakakatwa kwa nusu au zaidi. Juni 11 mwaka huo Luis Alvarez, askari mpelelezi mstaafu aliyekuwa wa kikosi cha mabomu, alikaa mbele ya kamati ndogo ya Bunge akiwa amekonda, sauti imefifia, huku kesho yake akitarajiwa kuanza tibakemikali ya mara ya 69. Viti vingi vya wabunge vilikuwa vitupu. Stewart, aliyekaa pembeni yake, aliwakemea mpaka machozi yakamtoka. Wiki mbili baadaye waokoaji walimkabidhi kiongozi wa Seneti, Mitch McConnell, beji ya Alvarez. Juni 29 Alvarez akafariki, na Julai 23 Seneti ikapitisha muswada wa kuuongezea mfuko huo pesa kwa kura 97 dhidi ya 2. Rais Trump akausaini kabla ya mwezi kwisha. Kura 97! Kama wabunge karibu wote walikubali kwamba ni haki, kwa nini mtu aliyebakiza siku chache za kuishi alihitajika kwenda kuwaonyesha mwili wake?

Na bado. Desemba 2024 fungu la kuziba pengo la mpango wa matibabu ulioanzishwa na sheria ya Zadroga lilikuwa limeshakubaliwa na vyama vyote ndani ya muswada wa matumizi. Tajiri Elon Musk na Trump walipoupinga muswada mzima, fungu hilo likaondolewa pamoja na mengine. Februari 2025 karibu mtumishi mmoja kati ya watano wa mpango huo alifutwa kazi, kisha baada ya kelele za Warepublican na Wademocrat wa New York wakarudishwa. Aprili akaondolewa hata msimamizi wake, Dk. John Howard, naye akarejeshwa baada ya kelele nyingine. Mpango huo unahudumia watu zaidi ya 130,000. Mgonjwa wa mapafu anayesubiri kuambiwa kama daktari wake yupo wiki ijayo hana muda wa kuvumilia hayo. Kufikia Septemba 2023, idadi ya watu wa zimamoto la New York waliokufa kwa maradhi ya vumbi ilikuwa imefikia 343, sawa na waliokufa siku yenyewe.

Walio kwenye kazi ya uokoaji wanaujua vizuri mtindo huu wa kusifiwa kisha kusahauliwa. Machi 2020 korona ilipoivamia New York, simu za dharura zilipita 6,000 kwa siku badala ya kama 4,000 za kawaida, na jioni wakazi waliwapigia wahudumu makofi madirishani. Makofi yalikuwa ya kweli. Lakini wahudumu wa magari ya wagonjwa wa jiji wameendelea kulipwa pungufu ya wazimamoto wanaokutana nao katika tukio lilelile. Januari 6, 2021 polisi wapatao 140 walishambuliwa wakilinda jengo la Bunge. Januari 20, 2025 watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kwa vurugu za siku ile walipewa msamaha na Rais Trump, anayejinadi kuwa rafiki wa polisi.

Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa sana. Agosti 7, 1998 mtandao uleule wa al-Qaeda ulishambulia balozi za Marekani kwa mabomu na kuua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na wa kwanza kuchimba kifusi walikuwa wapita njia wasio na glavu. Wakenya wengi waliojeruhiwa wakiwa barabarani au katika majengo ya jirani hawakuguswa na fidia iliyowafikia raia wa Marekani na watumishi wa balozi, na wamezeeka wakiidai.

Anachodai mwandishi kinawezekana. Pesa za matibabu ya waokoaji zitengwe kisheria kwa kufuata idadi ya wagonjwa waliosajiliwa na gharama halisi za tiba, moja kwa moja, mpaka wa mwisho wao afariki, bila kufungwa kwenye muswada wa kodi, wa mpaka wala wa matumizi ya serikali. Watumishi wa mpango wa matibabu wasiguswe bila Bunge kuidhinisha. Na Waswahili wenye uraia na kura Marekani, kuanzia Minneapolis hadi Houston, wamwandikie mbunge wao, awe wa chama chochote, wamtake aeleze kwa maandishi atapigaje kura.

Msomaji wenu,
Mhudumu wa gari la wagonjwa,
New York