Miaka Iliyoliwa na Nzige

Waliokuwa Mandera, Wajir, Samburu au Kitui mwanzoni mwa mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa nzige ni nini. Waliingia nchini mwishoni mwa Desemba 2019, na wataalamu wakasema Kenya haikuwa imeona uvamizi kama huo kwa miaka 70. Kundi linalofunika kilomita moja tu ya mraba huweza kula kwa siku chakula cha kutosha watu 35,000. Watu walipiga madebe na mayowe, lakini nzige wakatua tu. Kabla jeraha halijapoa, mvua nayo ikakosekana msimu baada ya msimu hadi mwishoni mwa 2022, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa.

Kwa hiyo kitabu kifupi cha nabii Yoeli si kigeni kwetu. Yeye aliyaona yayo hayo katika nchi ya Yuda. Anataja tunutu, nzige, parare na madumadu, mmoja akimaliza alichosaza mwenzake. Mizabibu ilikauka na ng'ombe wakalia kwa kukosa malisho. Kisha, katika sura ya pili, Mungu anaahidi kuwarudishia watu wake miaka iliyoliwa na nzige.

Tazama vizuri: anataja miaka, si magunia. Gunia hununuliwa jingine, lakini mwaka ukipita umepita. Yuko mama anayesoma ukurasa huu ambaye mumewe aliachishwa kazi, karo ikakosekana, na binti akakaa nyumbani miaka miwili huku wenzake wakisonga mbele. Yuko mzee ambaye ujana wa mwanawe ulimezwa na chang'aa. Hao pia wameliwa na nzige.

Wenye shida kama hizi ni windo rahisi. Huambiwa wapande "mbegu" ya pesa ndipo Mungu awarudishie maradufu. Wapo wanaouza mbuzi wa mwisho. Lakini hebu msome Yoeli tena. Ahadi ile ilitolewa wakati nyumba ya Bwana haikuwa na sadaka ya unga wala ya divai, maana shambani hakukubaki kitu. Makuhani wenyewe waliamriwa kulia. Watu wote waliitwa pamoja, wazee hata watoto wanyonyao, wamrudie Mungu kwa moyo. Hakuna aliyezuiwa kwa sababu ya mikono mitupu.

Na je, walirudishiwaje? Mungu aliahidi mvua kwa majira yake, na nafaka tele mahali pa kupuria. Hakusema majani yaliyoliwa yatarudi mtini. Mvua ni yake, jembe ni letu. Binti yule hatarudishiwa umri wake wa miaka kumi na minne, lakini anaweza kurudi darasani, hata akiwa mkubwa kuliko wenzake, na akafaulu. Mzee yule anaweza kula tena meza moja na mwanawe akiwa na akili timamu.

Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Basi ikiwa umezidiwa, lia mbele za Mungu bila haya. Mweleze mzigo wako mtu mmoja unayemwamini. Kisha toa jembe lako nje, ulinoe. Mbuzi yule usimuuze, mwache azae.