Sabrina Simader: Nani analipa miaka minne kati ya Olimpiki na Olimpiki?

Olimpiki za Majira ya Baridi zikikaribia, jina la Sabrina Simader hurudi mitandaoni, na ubishi ni ule ule: huyu ni Mkenya kweli, ama ni Mwaustria aliyevaa bendera yetu?

Tuanze na rekodi. Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998. Akiwa na miaka mitatu alihamia Austria na mama yake. Baba yake wa kambo alikuwa na lifti ya kupandisha watu mlimani, na ndiye aliyemfundisha skii.

Mwaka 2018, Pyeongchang, Korea Kusini, alikuwa mwanamichezo pekee wa Kenya na mwanamke wa kwanza kuiwakilisha nchi kwenye Olimpiki hizo. Kwenye mbio za super-G alimaliza wa 38.

Beijing 2022? Kenya haikuwa na mtu hata mmoja.

Pointi ni safari, safari ni pesa

Kufuzu skii ya milimani hakuamuliwi siku moja. Shirikisho la kimataifa, FIS, hutoa pointi kila mbio, kulingana na muda uliopoteza nyuma ya mshindi na ubora wa wapinzani. Pointi zikiwa chache, wewe ni bora. Ili kuzipunguza lazima ushindane mara nyingi, mlima huu na ule, msimu baada ya msimu.

Sasa piga hesabu: kocha, hoteli, tiketi za mlimani, usafiri. Skii za super-G haziwezi kutumika kwenye slalom, kwa hiyo unabeba jozi kadhaa. Kuna kunoa kingo na kupaka nta kabla ya kila mbio. Halafu kuna bima, maana ukianguka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, si mchezo.

Nyota kama Mmarekani Mikaela Shiffrin, aliyefikisha ushindi wa 100 wa Kombe la Dunia Februari 2025, ana timu nzima na wadhamini nyuma yake. Simader alitegemea sana familia yake.

Mlango mpana, nyumba tupu

Wakosoaji wana hoja. Nchi haiingizi zaidi ya watu wanne kwa kila mbio ya Olimpiki, na Austria imejaa vipaji. Kwa bendera ya Kenya, mlango ni mpana zaidi.

Sawa. Lakini ukishaingia humo, humkuti kocha, daktari wala fundi wa skii akikusubiri. Mwenzako wa Austria anavikuta vyote.

Hata Philip Boit, mkimbiaji aliyegeukia skii, alifika Nagano 1998 kwa pesa za Nike. Alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kumkumbatia. Boit alirudi 2002 na 2006. Baada yake Kenya ilipotea miaka 12, hadi Simader.

Ona mtindo wenyewe: anatokea mtu mmoja, analipiwa na kampuni au familia, tunapiga picha na bendera. Akichoka au pesa zikiisha, tunaanza upya kutoka sifuri, kwa sababu hakuna kilichojengwa nyuma yake.

Mtu anaweza kusema pesa za umma ziende kwa vijana wanaokimbia peku huko Iten kabla ya kwenda kwenye theluji ya Ulaya. Ni hoja halali, na wengi wataiunga mkono. Ila basi tuiseme mapema, mwanariadha apange maisha yake akijua hakuna msaada.

Kumnyamazia miaka minne, kisha kumuita "wetu" siku ya ufunguzi, hiyo ndiyo haikubaliki.