Kuuguza kwa Kimya: Tafakuri ya Kibudha na Huduma Shufaa Jijini Nairobi

Kitenzi 'uguza' hutokana na 'ugua', lakini hakifuati njia ya 'lia' na 'liza'. Anayeliza humfanya mwenzake alie. Anayeuguza hamfanyi mtu augue. Hukaa naye katika ugonjwa wake, aghalabu akiwa hana dawa mkononi. Daktari hutibu, na matibabu yana kikomo. Kuuguza hakukomi mpaka pumzi ya mwisho. Tofauti hii, ambayo wanafunzi wa mofolojia huipita haraka darasani, ndiyo kiini cha huduma shufaa, yaani huduma inayolenga kupunguza mateso ya mgonjwa ambaye maradhi yake yanatishia uhai. Ndiyo pia inayoufanya mjadala kuhusu tafakuri ya Kibudha katika huduma hiyo usiwe mgeni jijini Nairobi kama inavyodhaniwa.

Nairobi Hospice, iliyo kando ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ilianzishwa mwaka 1990. Imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa saratani na maradhi mengine mazito, baadhi yao wakitembelewa majumbani. Harakati za hospisi zinadaiwa mengi na Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's jijini London mwaka 1967 na kufundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa si ya mwili peke yake: yamo ya nafsi, ya jamii na ya roho. Ya mwili yana mofini. Ya roho ameachiwa nani?

Jibu la Nairobi linajulikana: mhubiri. Huu ni mji ambao saa ya chakula cha mchana huhubiriwa hata katika bustani ya Jeevanjee, na kelele hizo humfuata mgonjwa mpaka kitandani. Katika nyumba ya Kawangware au Kangemi, mtu aliye mahututi huzungukwa na jamaa, majirani na waumini wenzake. Kuja kwao ni utu, na hakuna wa kuubeza. Lakini kila ajaye huja na neno: utapona tu, usikate tamaa, ongeza imani. Mgonjwa ambaye angependa kuuliza watoto watabaki na nani, au shamba la kijijini litagawanywaje, hunyamazishwa kwa matumaini. Methali husema kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua. Hapa anayeficha si mgonjwa, ni wanaomzunguka.

Mapokeo ya Kibudha yanasimulia kwamba Buddha alimkuta mtawa mmoja anaugua ugonjwa wa kuhara, ametelekezwa na wenzake kwa kuwa hakuwa na faida kwao. Yeye na Ananda walimwosha na kumlaza kitandani, kisha akawaagiza watawa kwamba anayetaka kumhudumia yeye na amhudumie mgonjwa. Katika nyakati zetu, Zen Hospice Project ilianzishwa San Francisco mwaka 1987, wakati ukimwi ulipokuwa ukiwaangamiza vijana wa mji ule, na New York Zen Center for Contemplative Care ikafuata mwaka 2007. Kinachofundishwa ni chepesi kukieleza na kigumu kukitekeleza: mhudumu huketi kwanza, huitazama pumzi yake, huikabili hofu yake mwenyewe ya kufa, ndipo aende kitandani bila haraka ya kusema. Anayefunzwa ni mhudumu, si mgonjwa.

Wapo watakaoona hapa mlango wa nyuma wa dini ngeni. Hofu hiyo ina msingi, maana mtu aliyeishiwa nguvu ni windo rahisi kwa kila mwenye dini ya kueneza. Na onyo hilo linawahusu wote, si Wabudha pekee. Mkristo wa Dagoretti na Mwislamu wa Kibra hawahitaji sanamu wala sutra vitandani mwao. Wanahitaji mtu anayeweza kukaa nao robo saa bila kutazama simu. (Ugeni wenyewe, kwa kweli, umetiwa chumvi: Wabudha wa Kisinhala walikuwa Dar es Salaam tangu mapema katika karne ya 20, na hekalu lao liko Upanga.)

Pingamizi zito zaidi ni la dawa. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba ni hospitali za umma 7 tu, kati ya takriban 250 nchini Kenya, zilizokuwa na mofini. Huduma imeenea zaidi tangu hapo, lakini hoja inabaki. Kumwambia mtu anayelia kwa saratani ya mifupa aitazame pumzi yake, ilhali chupa ya mofini haipo, ni ukatili uliovikwa joho la hekima. Na muuguzi aliyeachiwa wadi nzima atapata wapi hiyo robo saa? Kule San Francisco walioketi na wagonjwa walikuwa hasa watu wa kujitolea, na yamkini hapa pia itakuwa hivyo.

Liko bado suala la lugha. Mafunzo haya huja kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa wa Kangemi huulizwa kwa Kiswahili maumivu yako wapi. Mhudumu akifunzwa kwa Kiswahili hatahitaji maelezo marefu kuhusu pumzi na utulivu: 'pumzi' na 'pumzika' ni ndugu, na wafiwa husema marehemu amepumzika. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko katikati ya jiji. Wanafunzi wa udaktari wa chuo hicho hicho husomea Kenyatta, mwendo mfupi wa matatu. Kazi ya kuanzia ipo: kuyakusanya maneno ambayo wagonjwa na wanaowauguza huyatumia usiku, kabla ya kuwabunia mengine.