Mbung'o na Chiriku: Nani Mzazi Bora?

Haya wadau, leo tuweke pembeni habari za bumu. Huku bwenini kuna ubishi mkali: kati ya mbung'o wa kwetu Kasulu na Kibondo na chiriku yule mwenye paji la njano, nani anajua kulea? Wote wamempa kura chiriku. Mimi nasema mbung'o, na sababu ninayo.

Chiriku anataga mayai matatu au manne, jike anaatamia kama wiki mbili, dume anamletea msosi. Safi sana. Lakini mbung'o hatagi kabisa jamani! Anabeba buu mmoja tu tumboni, anamlisha maziwa humo humo kwa siku 9 au 10, ndipo anamzaa, jitu zima karibu na uzito wa mama yake. Buu anajifukia udongoni, na baada ya kama mwezi anatoka nzi kamili.

Sasa utamu uko hapa. Anayezaa mmoja mmoja hawezi kuziba pengo haraka. Ukiua majike wachache kila siku bila kukoma, ukoo mzima unapungua. Ndiyo maana ile mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi chenye dawa inafanya kazi. Unguja walianza na dawa, wakamalizia kwa kurusha madume tasa yaliyofugwa Tanga. Mbung'o wa mwisho alinaswa 1996. Kwetu ni kazi zaidi, maana pori la Moyowosi si kisiwa, wengine wanaingia tu.

Kwa hiyo mimi naona mitego ianzie kwenye njia za warina asali na waokota kuni, na wananchi tuelimishane kwamba kitambaa kile si cha kushonea mfuko. Pili, mtu katoka porini, ana homa haisikii dawa ya malaria, apimwe malale mapema. Malale ya ukanda wetu haisubiri: usipotibiwa inaua ndani ya wiki au miezi. Na tiba imerahisishwa, mwaka 2024 WHO iliingiza vidonge vya fexinidazole kwenye mwongozo wake.

Chiriku ana sauti yake, hahitaji wakili. Mrina asali wa Kibondo ndiye anayehitaji kusemewa.

Naomba kuwakilisha.