Usimnyang'anye mwanao marafiki
Mzazi, kabla hujamcharaza mwanao kwa kwenda kwenye kibanda cha michezo ya video, simama mlangoni utazame. Wawili wanacheza kandanda kwenye runinga, sita wanangoja zamu wakishangilia na kutaniana, kama wazee wanavyozunguka ubao wa drafti. Huo ni urafiki, na urafiki ni afya.

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha uraibu wa michezo hii kuwa ugonjwa mwaka wa 2019. Lakini dalili zake ni kushindwa kujizuia na kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12.

Basi mpangie mwanao saa za kucheza. Anayejifungia chumbani peke yake usiku kucha ndiye wa kuhofiwa zaidi.