Samaki Wahesabiwe kwa Maji

Si ajabu tena, katika nyua za miji yetu, kuona mahali palipokuwa bustani ya mchicha pamejengwa birika la saruji lenye maji ya kijani, na ndani yake sato au kambale. Jambo hili nalipenda kwa dhati, maana kitoweo kinachofugwa hatua kumi kutoka jikoni ni neema. Na kwa kuwa nalipenda, nasikitika kuona watu wengi wakilianza kwa hesabu iliyo batili.

Birika langu lina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kina cha mita 1. Mwuzaji aliyeniletea vifaranga hakuniuliza neno lolote juu ya maji. Aliuliza nina fedha kiasi gani, na kwa kadiri ya fedha ile akanihesabia vifaranga 300. Mwezi wa nne, baada ya siku mbili za mawingu, nilitoka uani alfajiri nikawakuta wote wamepanda juu, vinywa vimetokeza usoni mwa maji, vikifunguka na kufumba, na birika zima likitoa sauti ndogo ya kufyonza. Jua lilipochomoza, wengi walikuwa wakielea ubavu, na waliosalia hawakuzidi urefu wa kidole changu cha kati.

Sababu yake si siri. Mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni mchana kwa nuru ya jua, ilhali usiku mwani huo huo, samaki, na masalio ya pumba yaliyooza chini, vyote huivuta. Basi saa ya hatari ni ile inayotangulia macheo, na hatari huzidi ikiwa mchana uliopita ulikuwa wa mawingu. Mfugaji asiye na chombo cha kupima na atumbukize mkono wake: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, asitie samadi tena, na chakula akipunguze.

Fauka ya hayo, sato huzaana mapema mno. Jike huweza kutaga akiwa na miezi mitatu au minne tu, kisha huyabeba mayai kinywani bila kula; ukimshika utaona kidevu kimetuna, na ukimfungua kinywa yatamwagika mayai ya manjano kama punje za uwele. Ndiyo maana birika lenye majike na madume huishia kujaa vibete wanaogombea konzi ile ile ya pumba na mashudu, na ndiyo maana wajuzi hununua vifaranga vya madume matupu. Kambale hupumua hata hewa ya juu, kwa hiyo huvumilia msongamano. Lakini mkubwa humla mdogo, na asiyewatenga kwa ukubwa atawakuta wachache walionona na wengine hawapo.

Pasipo mashine ya kutia hewa, kadiri iliyo salama ni samaki 2 au 3 kwa kila mita moja ya mraba. Yaani birika langu lilistahili 36, wala si 300. Wakifikia robo kilo kila mmoja baada ya miezi saba hivi, hizo ni kilo 9: kitoweo cha nyumba, si utajiri, na anayeahidi utajiri kwa birika la uani anamdhulumu mnunuzi. Rai yangu ni kwamba kila auzaye vifaranga alazimishwe kuuliza kwanza vipimo vya birika na kuviandika kwenye stakabadhi pamoja na idadi aliyouza, na maafisa uvuvi wa wilaya wawe na haki ya kuikagua.

Mwaka huu nimetia madume 36. Jirani aliyekuja kuazima jembe alichungulia akaniuliza mbona birika ni tupu. Nikatupa konzi moja ya pumba, tukasimama pamoja kutazama maji yakichemka.