Ukimtema mchezaji ghali, nafasi yake mpe kijana wa Muleba

KUTOKA KAITABA
Na Novatus Rwegasira

Kaa kwenye kijiwe chochote Muleba mjini, au sikiliza wanavyozungumza watu wakitoka Uwanja wa Kaitaba pale Bukoba, utakuta hukumu ya mchezaji ghali asiyefunga imeshatoka. Atemwe. Anakula mshahara wa bure, apewe “thank you”, aende zake. Shabiki aliyetoka Kamachumu au Nshamba kwa nauli yake, akalipa kiingilio, halafu akamtazama mshambuliaji akitembea uwanjani dakika 90, ana haki zote za kukasirika. Hasira hiyo siipingi. Ninachopinga ni imani kwamba kumtema mtu hakuna gharama.

Gharama ipo, na kwa klabu ya mkoani inaweza kuumiza kuliko ile ya kumsajili.

Mfano tunao hapahapa nchini. Katikati ya mwaka 2022 Yanga ilimtambulisha Lazarous Kambole, mshambuliaji wa Zambia aliyetokea Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, kwa mkataba wa miaka miwili. Matumaini yalikuwa makubwa. Majeraha yakamweka nje, mashabiki hawakupata hata muda wa kumzoea, na ilipofika Januari 2023 akapelekwa kwa mkopo Wakiso Giants ya Uganda. Wengi tukamsahau. Yeye hakuwa ameusahau mkataba wake. Aprili 2024, Yanga ikiwa ndiyo kwanza imetoka kucheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, FIFA ikaifungia kusajili mpaka imlipe Kambole anachodai. Yanga ni klabu yenye uwezo. Ililipa, kifungo kikaondolewa, na dirisha kubwa lilipofunguliwa ikawasajili kina Clatous Chama na Prince Dube. Sasa chukua kifungo hichohicho ukipeleke kwa timu inayohangaika kulipa hoteli ya safari ya Mbeya, halafu uniambie ingetokea wapi.

Watu wengi hawajui, na nasikitika kwamba hata baadhi ya viongozi wa klabu hawajui, kuwa kushuka kwa kiwango hakuhesabiwi kama sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Waamuzi wa FIFA wamelisema hilo mara nyingi, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyopo Lausanne, Uswisi, imesema vilevile. Mchezaji akiacha kuja mazoezini bila ruhusa, hilo ni jambo jingine. Lakini akija kila asubuhi, akakimbia, akapiga mashuti na mpira ukapaa juu ya mwamba, anakudai mshahara wake kama anayefunga mabao 20.

Ndipo viongozi wengine wanapotafuta njia ya uchochoroni. Wanamwambia afanye mazoezi peke yake. Wanamnyima vifaa, wanamchelewesha mshahara mwezi wa kwanza, wa pili, wakiamini atachoka aondoke mwenyewe. Tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA zimeuziba uchochoro huo. Mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili anaruhusiwa kuiandikia klabu, kuipa siku 15, na zikipita bila malipo anavunja mkataba kwa haki yake na kudai fidia. Klabu ikimnyanyasa ili akubali kuondoka, nayo ni sababu halali ya yeye kuvunja. Kwa hiyo aliyedhani ameokoa mshahara wa miezi miwili anakuta amenunua deni la mwaka mzima.

Na hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Kambole ni mgeni, na kesi ya mgeni dhidi ya klabu ya Tanzania inasikilizwa na FIFA. Mzawa anakwenda kwenye vyombo vya ndani. Kijana wa Bukoba Vijijini aliyeachwa katikati ya msimu, hana wakala, hana mwanasheria, nakala ya mkataba wake imebaki ofisini kwa katibu, mara nyingi anarudi kwao kimya na deni lake halilipwi kamwe. Tunaposhangilia kwamba fulani ametemwa, tujue kuna wanaotemwa bila hata shilingi ya nauli. Hilo ni dhuluma, na haliwi halali kwa sababu kipindi kile hakufunga.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mchezaji analipwa Sh5 milioni kwa mwezi na mkataba wake umebakiza miezi 18. Kumbakiza ni Sh90 milioni. Ukimfukuza bila makubaliano, naye akapata timu nyingine inayomlipa Sh2 milioni kwa mwezi, kanuni inapunguza kwenye fidia kile atakachopata huko, yaani Sh36 milioni. Unabaki na deni la Sh54 milioni, na hapo hujamlipa anayekuja kuziba nafasi yake. Asipopata timu, deni ni zile 90 zote. Lakini ukikaa naye mezani, mkakubaliana achukue mishahara ya miezi sita, Sh30 milioni, siku ileile anaposaini kuondoka, umeokoa Sh60 milioni na yeye ameondoka huru akiwa na fedha mkononi. Tafsiri ya hesabu hii ni kwamba klabu yenye akili humsaidia mchezaji wake kupata timu mpya. Badala ya kumsema vibaya redioni, inampigia simu kocha wa timu nyingine na kumsifia yale anayoyaweza.

Neno kubwa pale ni kukubaliana. Mkataba hauvunjwi na upande mmoja bila sababu ya haki, na mchezaji aliyejaribu kwa upande wake alijifunza hilo. Desemba 2022 kiungo wa Yanga, Feisal Salum, aliiwekea klabu yake Sh112 milioni kwenye akaunti akiamini amenunua uhuru wake. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikaamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Jambo likaburuzwa miezi, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan akawaomba Yanga walimalize, na Feisal akaenda Azam. Nchi nzima ilimwambia kijana yule kwamba mkataba ni mkataba. Basi na klabu iambiwe hivyohivyo.

Kwetu Kagera suala hili si la kinadharia. Mwisho wa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar, timu ya Kaitaba, ilishuka daraja pamoja na KenGold. Sisemi mshahara wa mtu mmoja ndio ulioishusha; timu hushuka kwa mengi. Nasema kushuka kunaleta tatizo lake. Timu inashuka, mikataba haishuki. Mshahara ulioandikwa kwa hesabu za Ligi Kuu, kwa fedha za udhamini na za matangazo ya televisheni za Ligi Kuu, unaendelea kudaiwa kwenye daraja la chini yake, Championship, ambako mapato ni madogo zaidi. Dawa yake ni sentensi moja tu kwenye mkataba: timu ikishuka, mshahara unapungua kwa kiasi hiki, au mchezaji anaruhusiwa kuondoka bila kudaiana. Mchezaji akiikubali siku ya kusaini, hakuna ugomvi baadaye. Nisingesaini mkataba wowote wa zaidi ya msimu mmoja bila sentensi hiyo, iwe kwa klabu ya kiwanda cha sukari au kwa timu yoyote ya wilaya inayoota kupanda.

Kosa jingine, ambalo mashabiki wanaliona kabla ya viongozi, ni kumpanga mtu kwa sababu ni ghali. Benchi la ufundi linajua kijana wa akiba ana njaa ya mpira. Lakini bosi aliyetoa fedha ya usajili yuko jukwaani, na anataka kuona fedha yake ikicheza. Fedha ile ilishaondoka siku aliposaini. Akicheza hairudi, akikaa benchi hairudi. Kinachoweza kuokolewa ni pointi tatu za Jumamosi.

Kwenye suala hili Wamarekani wana somo kubwa, kwa sababu ligi yao ya NFL, ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu, ina ukomo wa mishahara tangu mwaka 1994. Kila timu ina kiasi kilekile cha juu cha kuwalipa wachezaji wake wote, na aliyetemwa bado anahesabiwa ndani ya kiasi hicho. Denver Broncos walimpa Russell Wilson mwaka 2022 nyongeza ya mkataba yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 240. Misimu miwili ikapita, matokeo hayakuja. Machi 2024 wakamwachia, na mzigo wa dola milioni 85 ukabaki kwenye hesabu za ukomo wao kwa misimu miwili. Wilson akaenda Pittsburgh Steelers kwa mshahara wa chini kabisa, dola milioni 1.21, huku sehemu kubwa ya chake ikiendelea kulipwa na Denver. Kila mtu aliona ni maafa.

Denver hawakununua jina jingine. Fedha hawakuwa nayo. Wakamchukua kijana aliyetoka chuoni, Bo Nix, mwenye mkataba wa bei ndogo, wakampa usukani tangu mechi ya kwanza. Msimu huohuo wakashinda mechi 10 kati ya 17 na kufuzu hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu walipotwaa ubingwa wa msimu wa 2015.

Huu ndio ujumbe wangu kwa Kaitaba. Kumlipa mtu aondoke ni uamuzi unaovumilika iwapo hutaenda dirisha dogo kumtafuta mwingine wa mshahara uleule. Klabu nyingi zinakufa kwenye hatua ya pili. Wamemaliza deni la Mzambia, wanaleta Mkongo. Mkongo naye baada ya miezi minane yuko FIFA. Mwenye kibanja anayejua kazi yake hangoji kununua mche sokoni siku anapokata mgomba uliochoka. Chipukizi liko pembeni tayari, alilipalilia mapema.

Na sisi tulishaona chipukizi likizaa. Msimu wa 2016/17, chini ya kocha Mecky Maxime, Kagera Sugar ilimaliza nafasi ya tatu, mbele ya Azam, nyuma ya Yanga na Simba peke yao. Kijana Mbaraka Yusuph alifunga mabao 12, akawa miongoni mwa vinara wa ufungaji wa ligi nzima. Hakuwa mtu wa mshahara wa kutisha. Msimu ulipoisha, Azam wakamchukua.

Je, tuweke ukomo wa mishahara Tanzania? Kwa sasa tuna ukomo wa vichwa tu: wachezaji 12 wa kigeni kwa klabu ya Ligi Kuu. Unaweza kuwaleta 12 ukawalipa fedha ambayo huna, na hakuna atakayekuuliza. Kiwango kimoja kwa wote, kama cha NFL, nakiona hakifai hapa, maana Simba na Yanga wanashindana na Al Ahly na Mamelodi Sundowns, na hakuna atakayewakubalia kufungwa mikono. Ninachokitaka ni uwiano. Ulaya, UEFA iliziambia klabu zinazocheza mashindano yake kwamba gharama za kikosi zisizidi asilimia 90 ya mapato msimu wa 2023/24, kisha 80, kisha 70 msimu wa 2025/26. Hispania wanabana zaidi, na Barcelona ilimwacha Lionel Messi aondoke Agosti 2021 kwa sababu mshahara wake haukuingia ndani ya kiwango walichopangiwa na ligi. Bodi ya Ligi yetu inaweza kuanza na kitu kidogo: klabu ioneshe mapato yake kabla ya kusajili, na jumla ya mishahara isivuke sehemu fulani ya mapato hayo. Mapato yanakadirika. Mkataba wa Azam Media na TFF wa mwaka 2021, Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, uliwezesha klabu kujua mapema kitakachoingia.

Watasema uwiano unawalinda wakubwa wabaki wakubwa. Ni kweli kwa kiasi. Lakini mdogo anayekopa ili amlipe mchezaji wa jina hamfikii mkubwa. Anashuka daraja akiwa na madeni.

Mpaka kanuni hiyo ije, klabu ijiwekee ukomo wake yenyewe, na iuseme hadharani ili wakala anayekuja na jina kubwa aujue kabla ya kupiga hodi. Fedha itakayobaki ipelekwe Muleba. Iende kwenye mashindano ya shule ya UMISSETA wakati vijana wa Rubya, Kimwani na Kamachumu wanapocheza, na kocha wa timu ya vijana awepo pale na kalamu. Wakisajiliwa, wapewe mikataba halali. Kwa aliye chini ya miaka 18, FIFA hairuhusu mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Nakala moja ibaki kwa mzazi wake.

Na waandikwe. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada yake hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Klabu isiyo na kumbukumbu za usajili haina cha kuonesha inapodai sehemu yake. Chama cha Soka Mkoa wa Kagera na viongozi wa Kaitaba wanaweza kuanza kazi hiyo kabla ya dirisha lijalo. Ni daftari na kompyuta moja, na gharama yake haifiki mshahara wa mwezi mmoja wa huyo mnayetaka kumtema.